Jumamosi hatuchomi vyungu

Shikamooni wazee wangu, na wengine hamjambo.

Vyungu vya wiki iliyopita bado vina unyevu. Nimevigusa kitako leo asubuhi, vina ubaridi, kwa hiyo tutasubiri. Maji yakibaki ndani yanageuka mvuke, na chungu kinapasuka motoni. Sitaki tupoteze hata kimoja, hasa ule mtungi alioujenga bibi yetu kwa mikanda ya udongo, mmoja juu ya mwingine, na vidole vinamuuma. Alipomaliza kulainisha mdomo wa mtungi aliutazama muda mrefu bila kusema neno. Nami nilinyamaza.

Jumamosi tutabandika mikono ya vikombe. Unakwaruza pande zote mbili, unapaka uji wa udongo, kisha unabana. Uwahi udongo ungali mbichi. Kikombe kikishakauka, mkono haushiki.

Wenye maumivu ya viungo, udongo wenu nitaukanda mimi, na maji ya kunawa yatakuwa ya vuguvugu. Mashine ya kufinyangia hatuna, lakini akina mama wa Kikisi kule Ikombe, Ziwa Nyasa, hufinyanga kwa mikono yao na vyungu vyao vinasifika.

Tuanze saa tatu asubuhi. Njooni na kitambaa kikuukuu cha pamba. Anayehitaji kusindikizwa aandike hapa leo.