Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi: Bomba la Nyuma ya Form Two

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, bodi ya shule, wazazi, walimu na wanafunzi wenzangu, shikamooni na karibuni sana. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemruka anisamehe, hii karatasi nimekabidhiwa leo asubuhi.

Mgeni rasmi, hapo mezani kwako kuna maji ya chupa, ni sawa kabisa wewe ni mgeni wetu, ila sisi kengele ikilia tunakimbilia bomba la nyuma ya darasa la form two, tunakinga viganja tunakunywa hivohivo. Ndo tumekuja kuliongelea hilo bomba.

Maji mengi ya Dar yanatoka mto Ruvu, yanavutwa pale Ruvu Juu na Ruvu Chini, yanatiwa shabu tope lishuke, yanachujwa, halafu yanawekwa klorini. Kazi ipo njiani. Bomba likijaa maji yenye presha uchafu haupati pa kuingilia, lakini yakikatika bomba linabaki tupu na pale lilipopasuka linavuta majimaji ya nje, na huku mtaani kwetu bomba linapita hatua chache tu kutoka kwenye karo la choo, kwa hiyo mgao ukiisha maji yanarudi na rangi ya chai tunayagombania kwa furaha, kumbe hayo ya mwanzo ni ya kumwaga kwanza. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua jiji likaingia mgao, wengine tulikuwa bado primary ila madumu tunayakumbuka.

Halafu kuna hili la harufu. Siku maji yakinuka dawa tulikuwa tunayamwaga, tunasema yameharibika. Mwalimu wa kemia akacheka sana, akatuambia hiyo ndo klorini iliyobaki kulinda maji mpaka mdomoni, inatakiwa isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Siku hayanuki kabisa ndo siku ya kujiuliza.

Tukapata hamu ya kuchungulia na simtanki la shule. Mfuniko uliondoka na upepo, hatujui lini, ndani tukakuta majani na mjusi, na mjusi mwenyewe hakufa jana. Tulikuwa tumeshakunywa, sasa ungefanyaje. Nyumbani mama anachemsha, huku jiko ni moja la kuni na lina uji na makande, nani atachemshia shule nzima?

Na siku yakikatika wasichana ndo wanatumwa na ndoo kwenye kisima cha jirani, maji yenyewe ya chumvi, kipindi cha kwanza kinawapita. Tukiuliza kwa nini wavulana hawaendi, tunajibiwa ndo mazoea. Mimi nimeandikiwa niisome hiyo sehemu na ni mvulana, naisoma.

Kwa hiyo mgeni rasmi tunaomba tanki lenye mfuniko wa kufunga na bomba la kunywea lisilo ukuta mmoja na vyoo. Na kile kipimio kidogo cha klorini, unatia kidonge maji yanageuka pinki, tutapima wenyewe kila asubuhi. Hiyo zamu ya ndoo tutaimaliza sisi na walimu.

Kabla ya chakula tungeomba upite ukalione hilo bomba, leo yanatoka. Glasi tumeandaa, ila hatutakulazimisha.

Tunaomba kuwasilisha.