Heri ya Mtakatifu Patrick, na ile barabara inayoinuka

Habari za leo jamani, heri ya sikukuu kwenu wote, hasa akina Patriki na Patrisia ambao huwa mnasahaulika. Huku Galway, Ayalandi, leo tarehe 17 Machi kila mtu kavaa kijani, hadi mbwa, mvua inakuja inaacha inarudi tena, na madukani yamejaa mataulo ya jikoni yenye ile baraka yao maarufu, eti barabara iinuke ikulaki.

Hiyo baraka ilinisumbua sana mwanzoni maana barabara ikiinuka si ndo mlima huo, sasa unamuombeaje mtu mwenye mizigo apande mlima? Kumbe wengi wanasema kosa ni la mtafsiri. Kwa Kiairishi ni Go n-éirí an bóthar leat, na hilo neno éirí likiwa peke yake ni kuinuka kweli, ila likikaa na leat maana yake inakuwa kufanikiwa, yani safari yako ikunyookee. Safari njema tu basi! Afu kuna kipande cha jua likupige usoni, hiyo baraka ya watu wa baridi, mwombee hivyo mtu wa Dodoma mwezi wa kumi uone atakavyokuangalia.

Mi zaidi napenda salamu zao. Ukiambiwa Dia duit, Mungu awe nawe, hurudishi hivyo hivyo, unajazia, Dia is Muire duit, Mungu na Maria, na wapo wanaomuongeza na Patrick mwenyewe, kama sisi tu ukipewa salaam aleikum unarudisha na rehema na baraka juu yake. Na ukimkuta mtu anafanya kazi unasema Bail ó Dhia ar an obair, baraka ya Mungu iwe juu ya kazi, hapo mi nasikia pole na kazi kabisa.

Patrick naye njia aliijua, aliletwa huku mtumwa ana miaka kama 16, akachunga mifugo miaka 6, akatoroka, afu akarudi kwa hiari yake kuhubiri.

Jana bibi jirani kaniita getini, kanishika mkono, Go mbeirimid beo ar an am seo arís, Mungu atufikishe hai tena wakati kama huu. Nikajibu amina bibi, kwa Kiswahili, ilitoka tu. Basi nanyi nawaombea hiyo hiyo, na mlioko njiani leo, kwa wengi inakuwa libh: Go n-éirí an bóthar libh.