Jumamosi: Pete za Warumi (muda umebadilika)

Hamjambo wapendwa,

Safari ya British Museum iko palepale Jumamosi hii, ila tunakutana saa 5 asubuhi, si saa 4. Lango kuu, Great Russell Street.

1. Kiingilio bure. Mchango wa chakula cha mchana ni pauni 10 kwa mtu mzima, watoto hawalipi. Mtumieni mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 2 usiku.

2. Tunaanzia Chumba cha 70, Dola ya Rumi. Njooni na miwani ya kusomea, sura za kwenye vito vya pete ni ndogo mno! Nyingi zimechongwa kwa kuzama, kinyume, ili ukigandamiza kwenye nta sura itokee sawasawa. Ndiyo ilikuwa saini yao. Kaisari Augusto mwishowe alitumia muhuri wenye sura yake mwenyewe, kazi ya fundi Dioscurides, na makaisari waliomfuata wakaendelea nao.

3. Nani ataleta udongo wa kuchezea? Watoto watajaribu kupiga mihuri baada ya kula (nje, tafadhali).

Andikeni NIPO na idadi yenu. Asiyekuja naye aseme, tusimsubiri getini.