Ndugu Gavana, tuambieni wakaguzi waliona nini

Kwako Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,

Ndugu Gavana, salamu. Wapo wanaodai benki kuu zifutwe, kila benki ijitegemee na mteja ajichagulie mwenyewe pa kuweka fedha zake. Mimi siko upande huo. Kabla Benki Kuu yetu (BoT) haijafungua milango Juni 14, 1966, shilingi yetu ilikuwa mikononi mwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na akiba ya kuilinda ikawekwa London kwa pauni. Tukaja kuona DECI, mpango wa upatu usio na leseni ya kupokea amana, watu wakipanga foleni "kupanda mbegu" kwa ahadi ya kuvuna zaidi ya walichopanda. Soko halikuwazuia. Serikali ndiyo iliyouzuia mwaka 2009, tena imeshachelewa.

Kwa hiyo siombi Benki Kuu ifutwe. Naomba ibadilike, na naanzia Januari 4, 2018.

Siku hiyo mlifuta leseni za benki 5: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru na Benki ya Wakulima Kagera. Sababu iliyotolewa ni upungufu wa mtaji. Sawa, benki iliyoishiwa mtaji haifai kuendelea kupokea fedha za watu. Lakini mtaji hauishi usiku mmoja. Wakaguzi wenu waliona nini, waliona lini, waliagiza nini, na nani alipuuza? Mkulima wa kahawa Kagera aliendelea kupeleka fedha zake dirishani kwa sababu benki ilikuwa na leseni yenu. Wakati huo kima cha juu cha bima ya amana, yaani fidia anayolipwa mwenye akaunti benki ikifungwa, kilikuwa shilingi 1,500,000. Chukulia kikundi kilichoweka milioni 20: bima inakilipa hiyo milioni moja na nusu, na 18,500,000 zilizobaki zinamsubiri mfilisi akusanye madeni na kuuza mali. Baadaye kima kilipandishwa hadi 7,500,000, na kwa hilo nashukuru kwa dhati.

Kinachoniumiza zaidi ni mpangilio wenyewe. Leseni mnatoa ninyi, ukaguzi mnafanya ninyi, na benki ikishindwa mnaifunga ninyi. Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kwa mujibu wa sheria inaongozwa na Gavana, ndiyo inayolipa, na ndiyo mliyoiteua kuwa mfilisi wa benki zile 5. Hapo nani yuko huru kuuliza kama mkaguzi alizembea?

Marekani, Silicon Valley Bank ilianguka Machi 10, 2023. Aprili 28 mwaka huohuo benki kuu yao ilitoa ripoti hadharani na kukiri kwamba wasimamizi wake hawakutambua ukubwa wa udhaifu wa benki ile, na hata walipoona kasoro hawakuchukua hatua za kutosha. Isitoshe, hasara kwa mfuko wa bima inapokuwa kubwa, sheria yao inataka mkaguzi mkuu aeleze ndani ya miezi 6 kwa nini benki ilianguka na usimamizi ulikuwaje.

Najua jibu la kawaida: kusema hadharani kutazua hofu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Januari 2008 Ikulu ilitangaza matokeo ya ukaguzi wa akaunti ya EPA, ile ya kulipia madeni ya nje, shilingi bilioni 133 zilizolipwa isivyo halali ndani ya Benki Kuu yenyewe, na Gavana wa wakati huo akaondolewa. Benki zetu ziliendelea kufungua milango kila asubuhi.

Ninayoomba ni mawili. Kila benki inapofungwa, ripoti ya usimamizi wake iwasilishwe bungeni ndani ya miezi 6, majina ya wateja yakiwa yameondolewa. Pili, Gavana asiwe mwenyekiti wa Bodi ya Bima ya Amana. Hili linahitaji sheria irekebishwe, na pendekezo likitoka kwako Wizara ya Fedha itakuwa na kazi ngumu kulipuuza.

Ripoti ya kwanza iwe ya benki zile 5. Zilishafungwa, kwa hiyo hakuna mteja wa kukimbilia kutoa fedha kwa hofu, na makabrasha ya ukaguzi wake mnayo ninyi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye akaunti, Iringa