Kwa mwanangu uliyeko Atlanta, kuhusu wanaume wanaoigiza bibi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipokea, marahaba. Ama baada ya salamu, nimeisoma mara kadhaa hoja uliyoniandikia, kwamba ninawaonea wachekeshaji wa Marekani ninapokataa kucheka Martin Lawrence au Tyler Perry anapotokea amevaa gauni la maua, wigi la mvi na matiti ya sponji. Umesema kwamba wao wenyewe ni Weusi, wamelelewa na bibi wa namna hiyo hiyo, na mtu hawezi kuwadhihaki watu anaowapenda. Ninakujibu hadharani kwa sababu najua vijana wengi wa rika lako wanaishika hoja hiyo, na kwa sababu jambo lenyewe linanigusa: umri nilionao sasa ndio umri wa wanawake wanaochekwa katika filamu hizo.

Mabishano makubwa ya huko Marekani yamekuwa juu ya heshima ya mwanamume. Mwaka 2006 Dave Chappelle, mchekeshaji Mweusi, alisimulia katika kipindi cha Oprah Winfrey jinsi alivyoshinikizwa avae gauni alipokuwa akiigiza filamu pamoja na Lawrence, naye akakataa, na tangu hapo watu wengi wamekuwa wakirudia kwamba Hollywood humvalisha mwanamume Mweusi gauni ili kumvunjia hadhi. Mimi sikubaliani nao. Wanaoona kwamba gauni humshusha mwanamume wanakiri, bila wao kujua, kwamba kwao kuwa mwanamke ni kuwa chini. Ninachouliza mimi ni habari za huyo mwanamke anayeigizwa: yuko wapi wakati mwanamume amechukua mwili wake, sauti yake na kiti chake cha kanisani?

Itazame upya Big Momma's House ya mwaka 2000, ile iliyoingiza zaidi ya dola milioni 170 duniani. Hattie Mae Pierce, bibi wa Georgia, anaigizwa na mwanamke halisi, Ella Mitchell, lakini tunamwona kwa muda mfupi tu mwanzoni, na katika muda huo huo mfupi anaonyeshwa akiwa msalani na bafuni, huku mpelelezi wa FBI amejificha mle ndani akishikwa na kinyaa. Kisha anapata safari na kuondoka. Mpelelezi, ambaye ndiye Lawrence, anavaa mwili wa bandia na kuingia nyumbani kwake, na mwenye nyumba harudi mpaka hadithi inakaribia kwisha. Katikati hapo bibi anapika, anasali, anacheza mpira wa kikapu, hata anazalisha, kwa kuwa majirani wanamjua kuwa ni mkunga. Kila jambo ambalo lingemfanya Hattie Mae awe mtu kamili amepewa mwanamume alifanye kwa kubabaisha. Lile la ukunga ndilo lililonichoma zaidi. Wakunga wazee Weusi wa majimbo ya Kusini walizalisha vizazi kwa vizazi, watoto wa Weusi na wa Wazungu maskini, katika zama ambazo hospitali nyingi ziliwafungia Weusi milango. Mwanamke wa aina hiyo angeweza kubeba filamu nzima yenye kuchekesha, na waandishi walikuwa naye mkononi, wakampandisha gari aende zake.

Hoja yako ya kwamba wao wenyewe ni Weusi haina budi kupimwa kwa historia. Tangu miaka ya 1840 Wazungu wa Marekani walijipaka masizi usoni na kupanda jukwaani kuwaigiza Waafrika waliokuwa utumwani, na kwa kuwa vikundi hivyo vilikuwa vya wanaume, mwanamke Mweusi naye aliigizwa na mwanamume: ama msichana wa kutamaniwa, ama kizee mnene mwenye miguu mikubwa, wa kuchekwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, wasanii Weusi walipata nafasi zaidi katika majukwaa hayo, lakini walikuta watazamaji wamekwisha kuzoea wanachotaka kuonyeshwa. Billy Kersands, mchekeshaji Mweusi mwenye kipaji kikubwa, alijulikana katika miaka ya 1870 kwa wimbo wa Aunt Jemima, na mwaka 1889 wauzaji wa unga wa chapati wakalichukua jina hilo la kizee wa jukwaani, likakaa juu ya maboksi yao hadi walipotangaza kuliacha mwaka 2020. Vazi hilo, mwanangu, lilishonwa na wengine kwa vipimo vya dharau, na upendo wa anayelivaa leo hauvibadilishi vipimo vyake.

Umenitajia pia Robin Williams na yule yaya mzee wa Kizungu aliyemwigiza mwaka 1993 katika Mrs. Doubtfire. Bibi wa Kizungu katika sinema amekuwa malkia, jasusi, tajiri, mchawi na mpenzi, kwa hiyo kichekesho kimoja hakimpunguzii kitu. Mwanamke Mweusi wa makamo alikaa jikoni mwa Wazungu kwa miongo mingi. Hattie McDaniel, Mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar, aliipata mwaka 1940 kwa kuigiza mtumwa wa nyumbani katika filamu ya Gone with the Wind, na usiku ule wa tuzo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Miezi michache kabla yake, filamu hiyo ilipozinduliwa katika mji huo huo unaoishi wewe, hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya ubaguzi uliokuwa sheria ya Georgia. Ukipita katikati ya Atlanta, likumbuke hilo.

Sasa nije kwa Perry, kwa kuwa yeye hawezi kuhukumiwa kwa sentensi moja. Alizaliwa New Orleans mwaka 1969, na amesema mara nyingi kwamba alimuumba Madea, yule kizee mkali anayemwigiza, kutokana na mama yake na mama yake mdogo. Alimpandisha jukwaani mwaka 1999, akamleta sinemani mwaka 2005 katika filamu iliyogharimu dola milioni tano na nusu hivi, ikaingiza kiasi cha milioni 50. Watazamaji wake wa kwanza walikuwa waumini Weusi, wengi wao wanawake, ambao Hollywood ilikuwa haiwatengenezei kitu, na siwezi kuwaambia wanawake hao kwamba kicheko chao kilikuwa cha uongo. Madea ana bastola mkobani na ulimi usiomcha mtu. Anamtetea mke aliyefukuzwa nyumbani, na sofa la mume analikata kwa msumeno wa injini. Angalau Madea ana akili yake na nyumba yake. Spike Lee, mwongozaji filamu Mweusi, alipozishambulia kazi za Perry mwaka 2009, akiziita za kudhalilisha, wawili hao walirushiana maneno makali, lakini Perry alipofungua studio yake kubwa hapo Atlanta mwaka 2019, katika kambi ya zamani ya jeshi, moja ya kumbi zake 12 za kupigia filamu aliipa jina la huyo huyo Lee, nyingine la mwigizaji Cicely Tyson, nyingine la mwigizaji Della Reese. Hayo ni matendo ya mtu anayejua kuheshimu.

Hata hivyo, tazama jinsi kazi zinavyogawanywa katika filamu yake ya mwaka 2006 ya mkutano wa ukoo. Cicely Tyson yumo, mshairi Maya Angelou yumo. Panapotakiwa maneno mazito ya kuwakumbusha vijana wametoka wapi, wanasema wao. Panapotakiwa kuchekesha, anakuja Perry na wigi lake. Heshima wamepewa wanawake, kicheko amebaki nacho mwanamume. Kwa macho yangu hapo ndipo penye kasoro, tena hata katika kazi zilizo bora. Eddie Murphy alipowaigiza mama na bibi wa familia ya Klump katika filamu ya The Nutty Professor mwaka 1996, aliwapa upole na tamaa za kibinadamu kwa ustadi ninaoukubali kabisa, na Rick Baker na mwenzake waliomtengeneza sura walistahili Oscar yao. Lakini mezani pale, watu watano wazima wa familia hiyo walikuwa ni yeye yule mmoja, na viti viwili kati ya hivyo vingeweza kukaliwa na wanawake.

Usiniambie kwamba wanawake wa kuchekesha hawakuwepo. Moms Mabley, mchekeshaji Mweusi mzaliwa wa Brevard huko North Carolina, alianza kuigiza kizee angali kijana, akimfuata bibi yake mwenyewe, kwa gauni la nyumbani, kofia iliyolegea na viatu vikubwa. Aliitawala Apollo Theater ya Harlem kwa miaka, mwaka 1962 akapanda jukwaa la Carnegie Hall, na mwaka 1974, akiwa na takriban miaka 80, alikuwa mhusika mkuu wa filamu. Alivaa vitu vile vile anavyovaa Lawrence, ila yeye aliwacheka wazee wa kiume waliodhani wanatamaniwa, aliwacheka wabaguzi, na chini ya kofia ile aliyasema ambayo mwanamke kijana asingeruhusiwa kuyasema. Watu walikuja kumsikia kizee anawasema wengine. Jambo hilo sijaliona likitendeka ndani ya mwili wa sponji.

Kisingizio cha kukosa watu nacho kimewahi kupimwa. Mwaka 2013 Kenan Thompson, mchekeshaji Mweusi wa kipindi cha vichekesho cha televisheni kiitwacho Saturday Night Live, aliyekuwa ameigiza wanawake Weusi wengi katika kipindi hicho, alisema hataendelea kuwaigiza, akadai pia kwamba kipindi hakikuwa kinapata wanawake Weusi walio tayari. Kelele zikapigwa, na ilipofika Januari 2014 mchekeshaji mwanamke Mweusi, Sasheer Zamata, alikuwa ameajiriwa, pamoja na waandishi wawili wanawake Weusi, mmoja wao Leslie Jones, ambaye mwaka huo huo naye aliingia jukwaani. Walitafutwa, wakapatikana.

Kwa hiyo naja kwenye filamu yako fupi ya chuo, ambayo unataka uigize bibi wewe mwenyewe, kitenge kiunoni na mto tumboni, kwa kuwa huna mwigizaji wa umri huo. Hapo karibu nawe, Clarkston, wapo Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na mama zao wana maneno ya kuchekesha ambayo wewe na wenzako darasani hamwezi kuyatunga. Nenda ukawaombe kwa adabu, uwalipe hata kama ni kidogo, uwaachie warekebishe mistari uliyoandika. Ile sehemu ya bibi kuanguka ukumbini iondoe kabisa, umpe badala yake maneno ya kumjibu mchungaji, kisha unitumie mswada kabla hamjaanza kupiga picha.

Shangazi yako akupendaye