Simu inaniuliza nimelalaje

Mhariri,

Mimi ni dereva wa ambulensi. Mwezi uliopita, nikiosha gari baada ya ajali ya bodaboda, nilikuta ndala ya mtoto chini ya machela. Tangu siku hiyo usingizi ukapaa. Binti yangu akanipakulia PTSD Coach, programu ya simu ya bure ya kuwasaidia wenye kiwewe baada ya tukio la kutisha (ndiyo PTSD), iliyotolewa Marekani mwaka 2011, hasa kwa askari waliotoka vitani. Zoezi la kupumua taratibu limenifaa. Nalifanya garini, vioo juu, wenzangu wasinicheke. Ila maswali ni ya Kiingereza, na mimi ndoto zangu naziota kwa Kiluguru na Kiswahili. Wataalamu wetu wa afya ya akili, tutengenezeeni ya kwetu, isiyokula bando. Na nikishaifunga, awepo mtu wa kumpigia.

Dereva wa zamu ya usiku,
Morogoro