Uchungu ule si wa kuku

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Ama baada ya salamu, sie huku wazima, mvua imetushika tu. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Unasema kuku wako wa tangawizi alitoka mchungu, wenzako wakamla kwa kukustahi. Basi kosa si la kuku, wala si la ule unga wa tangawizi wa kopo, ingawa nao una neno lake. Umeunguza.

Tangawizi na thomu havitiwi kwenye mafuta yanayofuka moshi. Kaanga kwanza kitunguu maji mpaka kiwe chekundu, punguza moto, ndipo uvitie, uzungushe upawa kiasi cha dakika 1, na kikombe cha maji kiwe karibu. Vikianza kushika chini, nyunyiza. Hilo jiko lako la gesi halina subira kama seredani yangu.

Sasa huo unga. Tangawizi ikikauka huzidi ukali, lakini harufu yake ya ubichi hupotea, na nyama hailainishi. Mbichi ndiyo hulainisha, tena ukizembea hupitiliza. Mwaka nilioolewa nilitaka kumfurahisha bibi yako mzaa baba. Nikachinjisha mtetea, nikampaka tangawizi mbichi usiku, nikamwacha mpaka adhuhuri ya pili yake. Nilipofunua chungu, mifupa huku, nyama kule. Mavyaa akachungulia, akaniuliza, "Mwanangu, leo tumepikiwa kuku au uji?" Mpaka anakufa, Mungu amrehemu, hapakuja mgeni hapa asisimuliwe kisa hicho.

Kwa hiyo kuku wa kisasa saa 1 inamtosha. Jogoo wa kienyeji mpe 2 au 3, yule ana mishipa. Kuku mmoja mtilie tangawizi ya vidole gumba 2, ndimu 1, chumvi na pilipili manga. Ganda likwangue kwa kijiko, kisu hula nusu ya tangawizi. Kinu huna, najua. Pondea kwenye kibao kwa kitako cha chupa ya soda. Tungule 2 zilizoiva, basi. Nazi usitie, imo kwenye wali. (Jirani yetu hutia. Hayo yake.) Ila tangawizi ukishaiponda, kamua kijiko 1 cha maji yake ukiweke kando, ukimiminie kuku ukishaepua. Tangawizi iliyochemka sana hubaki kuwasha koo tu, hainukii.

Na kupakua, mwanangu, nimesikia mligawana vipande kwa kuhesabu! Wali mwaga kwenye sinia, kuku muweke katikati, mle pamoja. Wanawishe, anza na mkubwa wao. Wewe mwenyeji ndiye wa kuchambua nyama na kumsogezea mgeni upande wake, yeye haya zitamzuia kuifuata katikati. Paja usijiwekee.

Firigisi huku bado ni ya baba yako. Meno ya kuitafuna hana tena, lakini isipokuwemo anaiulizia. Anaiweka mdomoni, anaizungusha, kisha anampenyezea mdogo wako, wote wawili wanatazama ukutani kama kwamba mie sioni.

Nimempa mtoto wa shangazi yako mfuko wa tangawizi, anakuja na boti wiki hii. Usiurundike pembeni ya jiko ukakauka. Vifukie vipande kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevu kidogo, na kikichipua kimoja usikitupe, ukipande kwenye kopo la udongo. Ndani ya mfuko kuna na chupa ya samli. Hiyo ni ya mama mwenye nyumba wako, usiifungue.

Mama yako